Karaoke ya Vijana wa Dzaleka: Orodha Tunayoikataa

Tumeletewa orodha ya nyimbo. Imetungwa na wenzetu wenye nia njema kwa ajili ya jioni ya vijana wa Dzaleka na wanafunzi wetu wa Lilongwe, katika sherehe za Siku ya Kiswahili Duniani, na juu yake pameandikwa kwamba hizi ni nyimbo "zitakazochangamsha ukumbi". Hapana shaka zitauchangamsha. Tumeisoma mara mbili, nasi twaikataa. Na kwa kuwa wenzetu wametutaka tutoe sababu badala ya kununa pembeni, twazitoa hapa mbele ya wasomaji wote.

Nyimbo zenyewe ni ishirini. Kumi na moja ni za Kiingereza. Sita ni vibao vya Bongo Fleva vya misimu hii miwili, ambavyo viitikio vyake kila mtoto anavijua na beti zake hapana anayezijua. Tatu zilizobaki ni za zamani, na ya kwanza katika hizo ni "Jambo Bwana".

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo watakaosema kwamba walimu tumezoea kuchukia kila chombo kipya, na kwamba tungependa vijana waketi kimya wakariri ngeli. La hasha. Karaoke twaipenda, na huenda twaipenda kuliko hao walioileta orodha. Neno lenyewe ni la Kijapani: "kara" ni tupu, na "oke" ni kifupisho cha okestra, muziki ulioachwa wazi ili mtu aingie. Mwaka 1967 Shigeichi Negishi wa Tokyo alikwisha kutengeneza mashine ya namna hiyo, na mwaka 1971 Daisuke Inoue wa mji wa Kobe akatengeneza ya kwake bila kujua habari za mwenzake. Inoue alikuwa mpiga muziki wa baa. Mteja wake mmoja alitaka kuimba safarini, na Inoue hakuweza kufuatana naye; basi akamrekodia muziki kwenye kanda, kwa mwendo ule ambao mteja yule aliuweza. Kutokana na kanda ile zikazaliwa mashine 11 za kwanza za kukodisha. Angalieni mambo yalivyoanza: muziki ulimfuata mwimbaji. Hakuna aliyemwambia yule mteja aimbe kile ambacho watu wa mezani wangekishangilia.

Baadaye mashine zikapata kioo, na maneno ya wimbo yakawa yanapita mbele ya macho ya mwimbaji. Hapo ndipo sisi walimu tunapopaswa kuamka, kwani kijana anayeimba karaoke anasoma. Anasoma kwa sauti, kwa kasi, mbele ya watu, tena kwa hiari yake, jambo ambalo wengi wetu hatujapata kulifanikisha darasani kwa miaka yetu yote ya kazi.

Na Dzaleka jambo hilo lina uzito kuliko mahali pengine. Kambi hii iliyoko wilayani Dowa, kilomita 50 hivi kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zamani za Rais Banda. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya maji. Lakini shule zake hufuata mtaala wa Malawi, na lugha zake ni Kiingereza na Kichewa. Hatulalamiki, mtoto anayeishi Malawi ni haki yake kukijua Kichewa vizuri. Twasema tu yaliyopo. Binti aliyezaliwa Dzaleka katika mwaka ule wa kwanza sasa amepita miaka thelathini, na yawezekana kabisa kwamba amekisema Kiswahili kila siku ya maisha yake bila kupata kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili. Hukisikia katika Redio Yetu ya hapo kambini. Kukiona kimeandikwa ni nadra. Kwa mtu kama huyo jioni ya karaoke ni kitabu, nao wenzetu wanataka zaidi ya nusu ya kurasa za kitabu hicho ziwe za Kiingereza, lugha ambayo tayari ina shule, ofisi na mitihani ya kuitetea.

Sasa "Jambo Bwana". Wimbo huu ulitolewa na Them Mushrooms wa Mombasa mwaka 1982, nao ni kazi ya watu hodari waliojua watakalo: kuwafurahisha watalii wa mahoteli ya pwani. Walifaulu, hata Boney M. wakauimba mwaka uliofuata. Hatuna ugomvi na hoteli. Ila sisi ndio tunaosahihisha madaftari, nasi twajua ni wanafunzi wangapi wa Lilongwe wanaofika darasani wakisema "jambo" kavu kavu kana kwamba Kiswahili hakina "hujambo" wala "sijambo", wala "shikamoo" kwa mkubwa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba wimbo ule ni sauti ya mwenyeji anayemhakikishia mgeni kwamba mambo yote ni shwari. Tukimsimamisha kijana wa Dzaleka jukwaani mbele ya wageni waliotoka mjini, kijana ambaye pengine ndugu zake walikuwa na duka Lilongwe hadi amri ya mwaka 2023 ilipowarudisha wakimbizi kambini, kisha tukamtia mdomoni habari kwamba hakuna shida yoyote, je, tumemfundisha lugha au tumemfundisha kuwatumbuiza watu kwa gharama yake mwenyewe? Ukumbi utashangilia sana. Hicho ndicho kinachotuudhi.

Wajapani wenyewe waliwahi kuonja jambo la namna hii. Mwaka 1963 wimbo wa Kyu Sakamoto ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Ni wimbo wa mtu anayetembea peke yake akiinua uso ili machozi yasidondoke, na mtungaji wa maneno yake, Rokusuke Ei, aliyaandika akiwa na uchungu baada ya maandamano ya mwaka 1960 kushindwa. Wafanya biashara wa sahani za muziki wakaona jina lake ni gumu kutamka, wakaupa jina "Sukiyaki", yaani jina la chakula cha nyama. Huzuni ya mtu ikauzwa kama mchuzi! Na "Malaika" yetu, ambayo nayo imo katika orodha, ina mkasa ulio jirani na huo: kilio cha kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa mali kimekuwa wimbo wa kutabasamia karamuni.

Wenzetu watajibu kwamba tukileta nyimbo nzito vijana watatoka nje. Jibu hili tumelisikia kila mwaka, na kila mwaka hutolewa na watu ambao hawajajaribu. Yu wapi Remmy Ongala katika orodha hii? Alizaliwa Kindu, nchini Kongo, kule kule Maniema walikotoka wazazi wa baadhi ya vijana hawa. Akavuka mpaka, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili juu ya kifo, juu ya maskini, juu ya mtu asiye na mtoto. Na alipoimba "Mambo kwa Soksi" kuwaonya watu juu ya UKIMWI, redio ya taifa haikuupiga, lakini watu waliujua. Kumbi zilijaa kwa ajili yake. Mkongo huyu aliwafundisha Watanzania kuusikiliza wimbo kwa Kiswahili chao wenyewe, nasi tunataka kuwaficha vijana wa Kongo habari zake kwa kuhofia kwamba watachoka!

Wala hatuidharau Bongo Fleva. Professor Jay alipotoa "Ndio Mzee" mwaka 2001, akimwiga mwanasiasa mwenye ahadi zisizo na kikomo, maneno yalikuwa mengi kama mvua na vijana waliyakariri yote. Kama kibao cha namna hiyo kingekuwamo tungekaa kimya. Hivi sita tulivyoletewa, ukiviondolea kiitikio, hubaki ngoma.

Kuna na jambo la lahaja. Vijana wengi wa Dzaleka husema "bantu" na "bintu" pale sisi tunaposema watu na vitu, na wamekwisha kuambiwa mara nyingi, na baadhi yetu wakiwamo, kwamba hicho si Kiswahili. Mwaka 1952, kule Jadotville ambayo leo yaitwa Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda akiimba "Masanga" kwa Kiswahili cha Katanga, na gitaa lile wapigaji wa nchi za mbali hujifunza hadi leo. Hebu maneno yake yapite kwenye kioo kama yalivyo. Kijana ataona kwamba usemi wa nyumbani kwao una maandishi na una heshima, kisha wimbo unaofuata utamwonyesha usemi wa Dar es Salaam, naye atalinganisha mwenyewe. Somo la sarufi la saa nzima halifikii hapo.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nne ya SADC mwaka 2019, na Malawi ni mwanachama. Walimu watahitajika, na baadhi yao wangeweza kutoka kambini humo.

Basi pendekezo letu ni hili. Za Kiingereza zibaki tatu, za kufungulia ukumbi. "Malaika" ibaki, ila aelezwe mwimbaji anachoimba. "Jambo Bwana" iondoke. Mashine za kukodi mjini hazina nyimbo tunazozitaka, twajua. Kwa hiyo maneno itabidi tuyanakili wenyewe kwa herufi kubwa, kwa tahajia sahihi, tuyatundike ukutani, na mpiga gitaa atafutwe hapo hapo Dzaleka, ambako hawakosekani. Maneno ya "Kifo" ya Remmy Ongala tumekwisha kuyanakili, nayo yako kwa katibu. Anayeweza kunakili "Masanga" bila kuisahihisha lahaja yake na ajitokeze kabla ya mkutano ujao.