Treni yapita kasi, gunia la Mlali labaki barabarani

KWA mkulima wa alizeti wa Mlali, wilayani Kongwa, treni ya kisasa ni kitu kinachopita mbali na shamba lake. Mlali haina reli. Anayetaka kuipanda inambidi azungukie Mpwapwa hadi stesheni ya Gulwe, ama apande gari hadi Dodoma mjini. Hata hivyo, mabadiliko ya usafiri wa reli yaliyoanza mwaka 2024 yanaugusa mfuko wake moja kwa moja, na si kila mara kwa faida.

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi Agosti 1. Safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa basi ikawa ya saa nne hivi. Kwa viwango vilivyotangazwa na LATRA mwaka huo, daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam lilikuwa Sh 31,000 hadi Dodoma na Sh 25,000 hadi Gulwe. Watu waliipokea kwa mikono miwili. Baadaye zikaja treni zilizopewa jina la Mchongoko, kila seti ikichukua abiria 589, na bado zikikaribia sikukuu tiketi hugombewa.

Wingi huo wa abiria ndio unaozitia mashakani stesheni ndogo. Kiti kilichouzwa Dar es Salaam hadi Dodoma huingiza Sh 31,000. Kikiuzwa hadi Gulwe huingiza Sh 25,000, na asipopatikana mtu wa kupanda hapo, hufika Dodoma kikiwa kitupu. Juu ya hayo, kila kusimama kunakula dakika, na dakika ndizo zinazouzwa kwa abiria wa safari ya haraka. Kwa hesabu za biashara, shirika linalopunguza vituo halina kosa. Lakini reli hii imejengwa kwa fedha na mikopo ya umma, na wa kulipa mikopo hiyo ni pamoja na mchuuzi wa Mlali.

Mchuuzi huyo kwa kawaida huenda Pandambili au Kibaigwa, husimama kando ya barabara kuu na kungoja basi la kutoka Dodoma. Basi hilo limeishi kwa abiria wa safari ndefu, walewale ambao treni inawataka. Mwenye basi akiwakosa, atapunguza safari au ataokota watu njiani mpaka wengine wasimame. Kwa vyovyote vile, msongamano unamwangukia mtu wa katikati ya njia, na gunia lake ndilo la kwanza kukosa nafasi.

Suala la gunia halikupewa uzito wa kutosha. Behewa la SGR limetengenezwa kwa abiria mwenye begi, na mizigo yake ina vipimo vya uzito na ukubwa. Treni ya zamani ilikuwa ya polepole, lakini ilisimama Gulwe, Msagali na Igandu, na mtu alisafiri na vifurushi vyake. Si kwamba enzi hizo zilikuwa nzuri. Juni 24, 2002, katika eneo hilohilo la Igandu na Msagali, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagonga treni ya mizigo, wakafa watu 281. Desemba 2009 mafuriko yaling'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Kongwa yenyewe ilipata tawi la reli kwa ajili ya mradi wa karanga wa mkoloni ulioanza mwaka 1947. Mradi ulikufa, na reli ikang'olewa. Wazee wanajua kwamba reli hufuata mzigo, na mzigo ukikosekana huondoka.

Nairobi na Mombasa walikutana na jambo hilo mapema. Madaraka Express ilianza mwaka 2017, na kabla ya mwaka kuisha Kenya ilikwisha kuigawa huduma hiyo: treni moja ya moja kwa moja, nyingine ya kusimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na kwingineko. Hapa nyumbani, treni ya jiji la Dar es Salaam iliyoanzishwa Oktoba 2012 ilipangiwa saa za asubuhi na jioni kumfuata mfanyakazi, na ilijaa tangu mwanzo. Ratiba ikimfuata mtu anayelengwa, watu hawahitaji kubembelezwa.

Kwa ukanda wa Kongwa na Mpwapwa, anayelengwa ni mchuuzi. Anahitaji treni inayosimama Gulwe na Igandu kwa saa za kueleweka, iwe na viti vilivyotengwa kwa stesheni hizo visivyouzwa vyote Dar es Salaam, pamoja na behewa moja la vifurushi linalolipiwa kwa kilo. Gari la kumfikisha Gulwe nalo lilingane na ratiba, kwa sababu nafuu ya nauli inaweza kuishia kwenye bodaboda.

Treni za mizigo za SGR zilianza mwaka 2025 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, lakini hizo zinamfaa zaidi mwenye mzigo mkubwa. Tani 20 kwenye kontena la futi 20 ni magunia 200 ya kilo 100 (ya kupimwa kwa mizani, si lumbesa). Mkulima mmoja wa Mlali hana magunia hayo. Kikundi au chama cha ushirika kinaweza kuwa nayo kwa wiki moja ya mavuno. Kabla ya kukusanya, viongozi wa chama waulize mambo matatu: bei ya kukodi kontena, gharama ya lori hadi Ihumwa, na siku ambazo mzigo utakaa ukisubiri. Zikijumlishwa zikazidi bei ya fuso linalopakia mlangoni Mlali na kushusha Dar es Salaam, fuso litaendelea kushinda.