Tuziite kope

Hoja inayosikika mara kwa mara katika kitivo chetu ni kwamba biolojia ya seli haihitaji Kiswahili, Kifaransa kinatosha. Siikubali. Kifaransa chenyewe kilichukua neno la nyumbani: vile vinyweleo vinavyopigapiga katika njia ya hewa, karibu 200 juu ya kila seli iliyo navyo, kinaviita cils, kope zile zile za jicho. Na cilium ya Kilatini ilitaja kigubiko cha jicho na nywele zake pia, sawasawa na ukope wetu. Basi silia ya nini?

Si mchezo wa kamusi. Kope hizo husukuma makohozi yenye vumbi yatoke mapafuni, na Kolwezi vumbi tunalijua. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti hadi chini ya nyumba zao. Kobalti katika mkojo na damu ilizidi sana ile ya mtaa mwingine wa jirani, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto.

Inafanya nini ndani ya seli? Hapo ndipo tunaponyamaza. Seli huitia alama protini isiyotakiwa kwa protini ndogo, yubikwitini, kisha huisaga ndani ya mtambo uitwao proteasomu. Protini moja, HIF, husagwa daima oksijeni ikitosha. Maabarani, kobalti huzuia isitiwe alama, na seli hujiendesha kana kwamba imekosa hewa. VHL, protini inayosimamia utiaji alama huo, ndiyo pia inayosaidia kudumisha kope za seli za figo. Kope yenyewe haitengenezi protini. Huletewa kutoka shinani, na baadhi ya zile zisizohitajika hutiwa alama hiyo hiyo ndipo zitolewe.

Nimeyaeleza kwa kope, kutia alama na kusaga. Yubikwitini na proteasomu yabaki yalivyo. Sioni faida ya kuyabunia majina ambayo hata daktari hatayatambua.

Ninachodai ni kidogo: kila mwaka kazi moja ya kumaliza masomo iandikwe pamoja na wanafunzi wa tiba, itafsiri utafiti mmoja wa hapa Lualaba. Uanze ule wa Kasulo, usomwe kwanza kwa mama waliotoa mkojo wa watoto wao.