Viongezo vya SimCity 4 na Somo la Miji

Wako walimu wadhanio kuwa mchezo wa kompyuta wa mwaka 2003 ukifunguliwa tu darasani, somo la miji limekwisha. Hatuafikiani nao. Katika SimCity 4 kama ilivyouzwa, wakazi waendao kazini huelekea kufuata njia iliyo fupi kwa umbali, ijapokuwa nyingine ingewafikisha mapema. Reli iliyogharimu fedha nyingi yaweza kubaki karibu tupu. Mtoto ataamini kuwa reli haina faida, kumbe kosa ni la hesabu ya mchezo! Kiongezo kiitwacho Network Addon Mod hurekebisha hesabu hiyo, mradi toleo la Rush Hour liwepo. Yafaa wanafunzi wautazame mji uleule kabla ya kiongezo na baada yake, kisha waulizwe ni nani aliyeziandika kanuni hizo.

Faili huwekwa katika folda ya Plugins. Mchezo huzisoma kwa mfuatano wa alfabeti, na isomwayo baadaye huishinda ya awali. Ndiyo sababu mafundi huanza majina mengine kwa “zzz”. Mwalimu na aweke kimoja, akijaribu, ndipo aongeze kingine, na nakala ya mji wa darasa ihifadhiwe kwanza.