Ramani ya muziki ulionyofolewa ipo, malipo yako wapi?

Sekunde sita hivi tu. Mwaka 1969 kundi la The Winstons la Marekani lilirekodi wimbo uitwao Amen, Brother, na katikati yake mpiga dramu Gregory Coleman akaachiwa apige peke yake. Kipande hicho kimenyofolewa na kutiwa katika nyimbo zaidi ya 5,000, zikiwamo za N.W.A. na nyingi za jungle iliyovuma Uingereza miaka ya 1990. Coleman alifariki 2006 akiwa hana makazi, bila kupata mrabaha wa kipande kile. Mwaka 2015 mashabiki walimchangia Richard Spencer, kiongozi wa kundi, pauni 24,000. Mchango kama wa harusi, si haki.

Hakuna anayeweza kusema hakujua. Tovuti ya WhoSampled ya London hukusanya kwa wapenzi wa muziki taarifa za nani kachukua nini kwa nani. Mwaka 2011 watafiti Nicholas Bryan na Ge Wang wa Chuo Kikuu cha Stanford walizichambua kama mtandao: wimbo ni nukta, kilichochukuliwa ni mshale. Uzuri wa hesabu za namna hii ni kwamba haziishii kwa jirani. Ukichukua kwa mtu ambaye naye alichukua kwa mwingine, yule wa mwanzo naye huhesabiwa.

Kampuni za muziki hazitaki kwenda mbali hivyo. Marehemu Manu Dibango wa Kameruni alitoa Soul Makossa mwaka 1972. Michael Jackson akakitumia kiitikio chake katika santuri ya Thriller, 1982, na mambo yakamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Rihanna alipokitaka kwa wimbo wake wa 2007, ruhusa ikaombwa kwa Jackson! Upande wa Dibango ukalalamika kuwa mzee hakuulizwa, na mwaka 2009 akawashitaki wote wawili Paris.

Kwa maoni yangu mishale hiyo ifuatwe hadi kwenye chimbuko wakati wa kugawa mirabaha, na mahakama ziikubali kama ushahidi. Lakini ramani nayo ina upofu wake, maana huchorwa na masikio ya wanaochangia. Aliyekulia New York atakitambua haraka kipande cha James Brown. Cha Mbaraka Mwinshehe kitampita. Wenye santuri za zamani majumbani, Muscat, Leicester au Morogoro, sikilizeni nyimbo za vijana wenu kwa makini, na mkikuta cha mtu, kiandikisheni.