Mwanafunzi ajibane, lakini fedha zifike mapema

Vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Septemba, wazazi wa Kapsokwony na vitongoji vyake huwapa watoto wao wosia ule ule: nenda ukajibane. Ni wosia wa busara, nami sina nia ya kuubeza. Hata hivyo, mwanaisimu hawezi kulipita neno hili bila kulitazama. Katika kitenzi kujibana, kiambishi -ji- huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mtu yule yule. Kumbe mzigo wote umeshatwikwa mwanafunzi kabla hajapanda matatu ya kuteremka Kimilili!

Haikuwa hivyo daima. Hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, serikali ya Kenya ilibeba sehemu kubwa ya chakula na malazi ya mwanafunzi wa chuo kikuu, tena akapata fedha za mfukoni zilizoitwa bumu. (Kwa ndugu zetu wa Tanzania neno hilo lingali hai, nalo humaanisha fedha za mkopo.) Mwaka wa 1991 ukaingia mfumo wa kugawana gharama, na mwaka wa 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB.

Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka wa 2023 uliwagawa wanafunzi katika bendi, na mhitaji zaidi akatengewa shilingi 60,000 za matumizi kwa mwaka. Zigawanye kwa miezi minane ya masomo: ni shilingi 7,500 kwa mwezi, yaani 250 kwa siku, kodi ya nyumba ikiwamo. Mwenye nidhamu anaweza kuishi kwa kiasi hicho mjini Bungoma. Tatizo ni kalenda.

Tumfikirie msichana kutoka Kapsokwony aliyeitwa Chuo Kikuu cha Kibabii. Tuseme chumba ni shilingi 3,000 na mwenye nyumba anadai amana ya kiasi hicho hicho. Siku ya kwanza anatakiwa kutoa 6,000, hajanunua hata sufuria, ilhali mkopo aghalabu hufika majuma kadhaa baada ya masomo kuanza. Katika majuma hayo hununua unga wa nusu kilo, mafuta ya kupikia ya kupimiwa, na chakula cha kibandani kwa deni. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kitu kile kile. Basi asiye na kitu ndiye anayeuziwa ghali, kisha twamwambia ajibane.

Huko nyumbani nako, Septemba ni mwezi mbaya. Mahindi mengi ya eneo hili huvunwa kuanzia Oktoba. Kabla ya hapo ghala limekauka na gorogoro imepanda bei. Muhula wa Januari ni afadhali, kwani gunia moja la kilo 90 lina gorogoro 45 za kilo mbili, na wanafunzi watatu wanaopika jiko moja hawalimalizi upesi. Ongeza maharagwe na viazi vya mlimani.

Kwa hiyo, wanafunzi, mchangie chumba, na mkopo ukiingia mlipe kodi ya muhula mzima siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba anayepewa fedha za miezi minne kwa mkupuo huweza kupunguza. Fedha zinazolala katika simu zi jirani mno na kamari.

Lakini hakuna ujanja wa jikoni utakaoziba pengo la majuma ya kwanza. HELB na vyuo wana orodha za majina mapema. Sehemu ya kwanza ya fedha za matumizi, hata kama ni zile 6,000 tu, ingetumwa wiki moja kabla ya vyuo kufunguliwa, na wabunge wetu wa Bungoma na Trans Nzoia wangeanza kwa kuuliza bungeni ni kwa nini haitumwi.