Dini Si Mahari

Ipo desturi iliyoota mizizi katika harusi zetu, nami nakusudia kuipinga waziwazi. Kijana wa dini moja akimpenda binti wa dini nyingine, wazee hawaulizi kwanza kama kijana ana tabia njema au kama binti mwenyewe ameridhia. Swali lao la kwanza ni, "Nani atabadili?" Jibu likipatikana, watu hushusha pumzi, mchele huchambuliwa, na mmoja wa wale wawili huingizwa katika dini ya mwenzake juma moja kabla ya harusi, kama mtu anayebadili shati. Mimi nasema dini si shati, wala si mahari ya kutolewa ili mtu apewe mke au mume.

Wanaoshangaa kwamba vijana wetu wanapendana hivyo nawauliza: nani aliyewakutanisha? Ni sisi. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule za misheni zilitaifishwa, na watoto wa dini zote wakakaa dawati moja. Mimi nimefundisha na kuongoza chuo cha ualimu miaka mingi; niliwapokea wanachuo kutoka kila mkoa, wakala sufuria moja, kisha serikali ikawapangia kazi mbali na kwao. Taifa hili halijamwuliza mtu dini yake katika sensa tangu 1967. Tumewalea hivyo kwa makusudi, tena vizuri. Iweje siku ya ndoa tugeuke kuwa makarani wa kuhesabu nani wetu na nani wao?

Mwaka jana nilimchukua Mama kutoka Muheza, tukapanda basi la asubuhi siku ya Ijumaa kwenda Dar es Salaam, kwenye harusi ya mjukuu wake, binti wa dada yangu. Mama amekwisha kuvuka miaka tisini. Dar es Salaam anayoijua yeye ni ile ya mabasi ya Kisutu. Tuliposhuka katika kituo kikubwa cha Mbezi aliniuliza kama tumefika au tunabadilisha gari. Sisi ni Wabondei, na kwetu, tangu Waingereza walipojenga misheni ya Magila katika karne ya 19, ukoo mmoja umekuwa na akina Athumani na akina Stefano. Mama ni Mwanglikana. Kaka zake wawili waliishi Waislamu na wakazikwa Waislamu. Kuku wa Krismasi nyumbani kwetu alichinjwa na mjomba, ili wote tuweze kula.

Bwana harusi ni Mwislamu, kijana wa Rufiji. Wao wawili walikuwa wamekwisha kufunga ndoa bomani mapema juma lile, na karamu ilikuwa Jumamosi. Lakini Ijumaa usiku, kule Tabata tulikofikia, waliingia wazee wa upande wa bwana harusi wakitaka binti asilimishwe usiku uleule, kwa kuwa ndoa ya bomani, walisema, ni karatasi tu. Wala sisemi upande wetu ulikuwa safi. Shemeji yangu mmoja alikuwa amekwisha kuzungumza na mchungaji pembeni ili kijana abatizwe upesi, bila mafundisho ya maana. Wote wawili walikuwa wawindaji, wamekutana porini kwa bahati mbaya.

Mama alikuwa kimya mkekani muda wote. Mwishowe akamwuliza baba mkubwa wa kijana, "Mwanangu, huyu binti akimdanganya Mungu leo Ijumaa, kesho Jumamosi atashindwa kumdanganya mume?" Kisha akamgeukia shemeji yangu akamwambia, "Na wewe swali hilo ni lako pia."

Sijasikia hoja iliyo nzito kuliko hiyo. Mtu akiongoka kwa imani, nampa mkono wa heri, awe ameelekea msikitini au kanisani. Lakini shahada ya kuombea mke ni uongo, na ubatizo wa kuombea mume ni uongo. Wazee wanaousimamia uongo huo hawaitetei dini, wanaitukana. Njia ya mwongo ni fupi: siku mtu yule akifa, pande mbili hugombea maiti, hawa na sanda, wale na jeneza, na watoto wakitazama.

Hao wanaosema "karatasi tu" nawakumbusha sheria. Serikali ilitoa mapendekezo yake kwa wananchi mwaka 1969, yakajadiliwa kwa ukali, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ikapitishwa kwa Tanzania Bara. Sheria hiyo inataka hiari ya wote wawili. Inataka pia kusudio la ndoa litangazwe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi alitoe. Tangazo la watoto wetu lilimaliza siku zake zote, na hakuna mzee hata mmoja aliyejitokeza. Pingamizi likangoja siku ya pilau.

Zaidi ya hayo, dini zenyewe haziwaungi mkono kama wanavyodhani. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke wa Ahlul Kitabu naye akabaki katika dini yake. Kanisa Katoliki, katika sheria zake za 1983, linampa askofu uwezo wa kumruhusu Mkatoliki kufunga ndoa na asiyebatizwa, ila Mkatoliki huahidi kufanya awezavyo ili watoto walelewe Kikatoliki. Najua kwamba kwa binti wa Kiislamu kuolewa na Mkristo wanazuoni hao wanakataza. Shehe akisema hivyo, anasema kweli ya dini yake, na binti anayechagua mlango wa bomani achague akijua uzito wake. Hata hapo, kumbatiza yeye au kumsilimisha mchumba wake kwa hila hakutengenezi kitu.

Je, wazee wasiulize neno? Waulize, tena sana, lakini waulize yenye maana. Watoto watalelewaje, nani atawafundisha kusali, watapewa majina gani? Mmoja akifa, atazikwa kwa taratibu zipi, na nani atakayesema? Na mali je? Hili la tatu ndilo watu hulikwepa. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, ingawa mtu aweza kumwusia mwenzake hadi theluthi moja ya mali yake. Nchini kwetu mirathi huenda kwa sheria ya mila, ya Kiislamu au ya serikali, na ndugu wa marehemu huvuta ile inayowafaa. Mjane asiye na wosia wala jina lake kwenye hati ya nyumba atajua hasara yake matanga yakiisha. Mzee anayempenda mwanawe angeketi naye usiku huo kuandika mambo haya. Mficha uchi hazai.

Lakini maswali hayo yanahitaji kazi, na "nani atabadili" halihitaji kazi yoyote. Linampa mzee ushindi wa siku moja mbele ya jirani zake, na gharama humwachia kijana maisha yake yote. Aghalabu humwachia binti, maana tunapotafuta wa kubadili, macho yote huelekea kwake kwanza, kana kwamba imani ya mwanamke ni nyepesi kuliko ya kaka yake.

Basi, mashehe na wachungaji, mkiletewa mtu wa kubadilishwa haraka kwa ajili ya harusi, mrudisheni. Mwambieni aje baada ya mwaka mmoja wa ndoa, kama moyo wake bado unamtuma. Atakayekuja siku hiyo atakuwa muumini wenu kweli. Nanyi wazazi, toeni mbuzi, toeni khanga na baraka zenu. Imani ya mtu si mali yenu, hamwezi kuitoa wala kuidai.