Kipimo cha Betri na Haki ya Msikilizaji

Mwaka 1976 Raymond Kurzweil alipoonyesha mashine yake ya kuwasomea wasioona, ilikuwa mashine kubwa ya kukaa mezani. Leo kazi ya namna hiyo hufanywa na chombo kinachoingia mfukoni, kikiendeshwa na betri ya lithiamu. Kwa mwanafunzi asiyeona, chombo hicho ni kitabu, daftari na msomaji kwa pamoja. Mwenye macho huona alama ya betri ikipungua kidogo kidogo. Asiyeona huitegemea sauti inayomtajia asilimia iliyosalia. Sauti hiyo ikikosea, yeye hana shahidi wa pili.

Yafaa ieleweke kwamba asilimia hiyo haipimwi moja kwa moja, bali hukadiriwa. Seli ya lithiamu ikijaa huwa na volti zipatazo 4.2, na ikiisha hukaribia 3. Lakini katikati ya mipaka hiyo volti hubadilika kidogo mno, hata hazitoshi peke yake kutupa hesabu ya hakika. Ndiyo maana vyombo vingi huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, mfano wa mtu anayehesabu vikombe vya maji vinavyotiwa na kuchotwa mtungini bila ya kuchungulia ndani. Makosa madogo madogo hujikusanya. Zaidi ya hayo, betri ikizeeka, mtungi wenyewe hupungua ukubwa.

Tuchukue mfano. Betri mpya ina miliampia-saa 2000, na chombo hutumia miliampia 250. Kitafanya kazi saa 8. Betri ikichakaa ikabaki na 1500, kitafanya kazi saa 6 tu. Lakini chombo kinachoendelea kuamini hesabu ya 2000 kitatangaza kuwa imesalia asilimia 25, yaani saa 2, wakati uleule kinapozimika. Fikiria jambo hilo likitokea katikati ya mtihani.

Dawa yake ni kusahihisha kipimo: kukichaji chombo mpaka kijae, kukitumia mpaka kijizime chenyewe, kisha kukichaji tena hadi kijae bila kukatiza. Hapo hesabu hupata upya mipaka yake miwili, ya juu na ya chini.

Hata hivyo, tusiigeuze dawa kuwa chakula. Wako wanaomaliza betri kila siku wakidhani wanaipa nguvu. Desturi hiyo ni urithi wa betri za nikeli na kadimi. Betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, huchakaa upesi zaidi ikimalizwa kabisa mara kwa mara. Kusahihisha hurekebisha hesabu. Hakurudishi ujana wa betri. Basi kufanywe pale tu kipimo kinapoonekana kudanganya, na kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Maoni yangu ni kwamba kazi hii asifanyiwe mwanafunzi asiyeona. Afundishwe aifanye mwenyewe. Maelekezo yatolewe kwa sauti au kwa nukta nundu, na watengenezaji wakifanye chombo kitaje pia saa zilizosalia na kutoa onyo mapema. Walimu wa fizikia nao walifanye somo la darasa zima: wanafunzi waandike saa ya kuanza, asilimia inayotajwa kila nusu saa, na saa ya kuzimika, kisha wachore grafu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme nao ni mali, na mwenye kuutegemea anastahili daftari la kweli.